Njia ya Udaktari Huanzia Kidato cha Nne

Kijana anayetaka kuwa daktari aghalabu hudhani kwamba uamuzi mkubwa utamkabili siku ya kuchagua chuo kikuu. Nchini Marekani ndivyo ilivyo: huko mwanafunzi husoma kwanza shahada ya kawaida kwa miaka 4, ndipo huomba nafasi katika chuo cha udaktari, nako husoma miaka 4 mingine. Nchini Tanzania mafunzo ya udaktari hufuata moja kwa moja baada ya sekondari. Huchukua miaka 5, na mwaka 1 wa mazoezi hospitalini. Kwa hiyo mlango hufunguka au hufungwa mapema, mwanafunzi anapochagua masomo baada ya kidato cha nne.

Katika Mkoa wa Pwani njia zenyewe zaonekana wazi. Wilayani Kisarawe ipo shule ya Minaki, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana katika miaka ya 1920. Kibaha nako lipo Shirika la Elimu, lililotokana na mradi ulioendeshwa kwa msaada wa Denmark, Finland, Norway na Sweden kati ya mwaka 1963 na 1970, ukiunganisha shule, huduma za afya na mafunzo ya wakulima mahali pamoja.

Njia ya kwanza ni kidato cha tano na sita, kwa tahasusi ya fizikia, kemia na bayolojia. Masomo yote matatu hutakiwa. Wengi huiogopa fizikia, wakiuliza yamhusu nini mganga. Jibu limo mwilini. Upenyo wa mshipa wa damu ukipungua hadi nusu ya upana wake, na mengine yote yakabaki yalivyo, damu ipitayo hupungua hadi sehemu 1 ya 16. Asiyeielewa kanuni hiyo hawezi kuelewa vyema kwa nini mshipa uliosinyaa kidogo tu huhatarisha moyo.

Njia ya pili ni stashahada ya utabibu, ya miaka 3, inayofundishwa katika vyuo vya afya, kikiwamo cha Kibaha. Afisa tabibu aliyefaulu vizuri, na aliyefaulu pia masomo ya sayansi katika kidato cha nne, aweza kuomba nafasi ya shahada ya udaktari. Tukihesabu tangu kidato cha nne, njia ya kwanza huchukua miaka 8 na ya pili miaka 9. Tofauti ni mwaka 1 tu, na mwenye stashahada huingia chuoni akiwa amekwisha kuwahudumia wagonjwa.

Wako wanaofikiri ni bora kupata kwanza shahada ya sayansi, kisha kuingia udaktari. Shahada hiyo ina thamani yake, lakini kwa kawaida haipunguzi ile miaka 5. Humwongezea kijana miaka 3 au zaidi, pamoja na gharama zake.

Yawapasa wazazi na walimu kuyaeleza haya kabla fomu za uchaguzi hazijajazwa, na kuusoma mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu wa mwaka unaohusika. Kijana akiiacha fizikia kwa sababu ni ngumu, hakuna atakayemwambia siku hiyo kwamba ameuaga udaktari. Ataambiwa miaka 2 baadaye, maombi yatakapomdai asicho nacho.