Dainamo ya Gari Inapogoma

Aliyepata kusafiri kwa Land Rover ya miaka ya 1950 au 1960 anaijua taa ndogo nyekundu iliyo mbele ya dereva. Ufunguo ukifunguliwa huwaka. Injini ikishika mwendo huzimika. Isipozimika, betri haijazwi tena, na safari ya usiku hukatika popote giza litakapomkuta dereva. Mafundi wengi wakiiona hali hiyo hukimbilia kuing'oa dainamo na kuitupa, kumbe pengine mkanda wa feni ndio uliolegea.

Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba waya ukipita katika uga wa sumaku huzaliwa umeme. Ajabu ni kwamba ndani ya dainamo hamna sumaku ya kudumu. Mna vipande vya chuma vilivyozungushiwa koili, na chuma hicho hubakiwa na usumaku hafifu hata injini ikiwa imezimwa. Dainamo ikizungushwa, usumaku huo huzaa kiasi cha volti moja tu. Volti hiyo hupeleka mkondo katika koili, sumaku hupata nguvu, umeme huongezeka, nao huizidishia sumaku nguvu. Kwa hiyo dainamo hujiamsha yenyewe.

Kipimo cha kuitambua hitilafu kimejengwa juu ya jambo hilo. Katika dainamo ya Lucas C40, iliyofungwa katika magari mengi ya Uingereza, kuna ncha mbili: D itoayo umeme, na F iendayo kwenye koili za sumaku. Nyaya zote mbili huchomolewa, kisha D na F huunganishwa kwa kipande cha waya, na voltimita huwekwa kati ya waya huo na bodi. Injini huongezwa mwendo polepole, isipite mizunguko 1000 kwa dakika. Dainamo nzima hupanda upesi hadi karibu volti 20. Hapo kosa litafutwe katika nyaya au katika kisanduku cha kudhibiti umeme. Ikiishia volti moja, usumaku uliobaki unafanya kazi lakini koili hazipati mkondo. Ikiwa volti 4 au 5, zinazoshukiwa ni nyaya za sehemu izungukayo. Sindano isipotikisika kabisa, brashi za kaboni zimekwama au zimekwisha, au komuteta imechafuka.

Koili za C40 zina ukinzani wa omu 6 hivi. Kwa kanuni ya Ohm, betri ya volti 12 itapitisha ampea 2 kutoka F hadi bodi. Pasipopita kitu, waya umekatika. Mkondo ukizidi sana, nyaya zimegusana.

Komuteta husuguliwa kwa msasa laini wa kioo, na mika iliyo kati ya vipande vya shaba hukwanguliwa ikae chini kidogo ya shaba.

Usumaku uliopotea hurudishwa kabla nyaya hazijaunganishwa tena: waya kutoka ncha ya betri isiyofungwa kwenye bodi huguswa kwenye F mara chache, kwa nukta moja tu. Magari mengi ya zamani ya Uingereza yalifunga ncha chanya kwenye bodi. Aliyeigeuza betri asiikumbuke dainamo, ataikuta ikizalisha umeme kinyume na viguso vya kisanduku vimeungua.