Jaa la Tajiri na Jaa la Maskini

Jaa halina siri. Utakaye kuijua hali ya nyumba, usibishe hodi mlangoni. Zunguka uwani utazame kinachotupwa.

Nilipokuwa mtoto Mji wa Kale, Mombasa, katika miaka ya 1970, kupeleka taka jaani ilikuwa kazi yangu. Nyumba ilikuwa ya watu tisa, na ndoo haikujaa. Maganda ya ndizi yalikwenda kwa mbuzi, machicha ya nazi kwa kuku, vifuu motoni. Chupa ilirudi dukani, na gazeti lililokwisha kusomwa likafungiwa bajia. Kikapu cha ukindu kilikwenda sokoni na kurudi hata kikachakaa.

Wengi husema wazee wetu walikuwa na hekima ya mazingira. Nasema kweli, msomaji: hatukuwa na cha kutupa.

Ramadhani iliyopita niliuchukua mfuko wetu wa taka wa siku moja, nikaupima kwa mizani ya jirani muuza samaki. Tu watu wanne: kilo nne na nusu! Sambusa, mkate wa sinia, wali wa jana. Jirani hakunena neno, nami nikaona haya. Maana ripoti ya Benki ya Dunia ya 2018 yasema wastani wa Afrika kusini mwa Sahara ni chini ya nusu kilo kwa mtu kwa siku. Mwezi wa kufunga, nasi twavuka wastani mara mbili na zaidi.

Ripoti hiyo yaeleza kuwa nchi tajiri zina asilimia 16 tu ya watu wa dunia, lakini hutoa asilimia 34 ya taka zote. Mali ikizidi, na jaa huzidi.

Je, elimu haisaidii? Wajerumani huchambua taka kwa bidii, karatasi mbali, chupa mbali. Na bado wamo miongoni mwa Wazungu wanaotupa nyingi zaidi kwa kila kichwa. Kuchambua si kupunguza. Korea Kusini, tangu 1995, kila nyumba hununua mifuko maalumu ya taka: atupaye zaidi hulipa zaidi. Taka zikapungua. Hapa kwetu, tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku, watu wamerudia vikapu. Basi elimu yataka sheria ya kuishika mkono.

Lakini sheria haiingii jikoni kwangu. Israfu tumeikanywa tangu chuoni, tukiwa na juzuu mkononi. Mwenye kuikumbuka ni mimi. Mwaka huu futari yetu imepungua vyungu viwili.

Mali ikija nyumbani, na jaa huongezeka,
Na tupike kwa mizani, tusiiruke mipaka,
Kilichozidi sahani, kwa jirani kikifika,
Hakiingii jaani, hakiitwi tena taka.