Maji ya Moto kwa Nguvu za Jua



Mara nyingi ukurasa huu huzungumza habari za mishahara, likizo na saa za kazi. Safari hii tunazungumza habari ya maji ya moto. Tulipoitaja habari hii katika mkutano wa tawi, ndugu mmoja alisimama akauliza: Awasse kuna joto mwaka mzima, nani anayetaka maji ya moto? Akina mama walimjibu pale pale. Mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto siku zake zote arobaini. Mzee mwenye baridi yabisi hawezi kuoga maji ya kisima alfajiri ya mwezi wa Juni, wakati kusi inavuma. Fundi anayerudi nyumbani na grisi mpaka kwenye viwiko haitoi kwa maji baridi hata akimaliza kipande cha sabuni. Na uji, chai na ugali vyote huanza kwa maji kwenye sufuria. Yule ndugu akakaa chini.

Basi watu wanataka maji ya moto, na wanayalipia. Lililobaki ni kuuliza wanayalipia kwa kitu gani.

Walio wengi wanalipia kwa kuni. Tufanye hesabu ndogo. Ndoo ya lita 20, kuitoa kwenye ubaridi wa kisima na kuifikisha kwenye uvuguvugu wa kuoga, yaani kupandisha digrii 20 hivi, inahitaji joto kidogo tu, karibu nusu uniti ya umeme. Lakini katika jiko la mafiga matatu sehemu kubwa ya moto huenda na upepo, na kinachoingia ndani ya sufuria ni kama sehemu moja katika nane au kumi. Kwa hiyo ndoo hiyo moja inakula kilo moja hivi ya kuni zilizokauka. Nyumba ya watu sita inamaliza mzigo mzuri wa kuni kwa kuoga peke yake, kabla mboga haijapanda jikoni. Moshi wake unaingia katika mapafu ya mama na ya mtoto aliyembeba mgongoni.

Na kuni haziji zenyewe. Sisi wa upande huu wa Cabo Delgado tunajua maana ya kwenda porini tangu vita vilipoanza pale Mocímboa da Praia, Oktoba 2017. Mwanamke anayeogopa kwenda mbali ananunua mkaa, na mkaa unakula mshahara. Asiyekuwa na fedha anakwenda huko huko anakokuogopa. Ndiyo maana tunasema habari hii ni ya chama cha wafanyakazi kama habari nyingine yoyote.

Wengine wanalipia kwa umeme, wale wenye nyumba za kampuni au wenye mita ya Credelec. Hapa pia tuna la kusema, kwa sababu umeme wa wilaya tano ulikuwa ukipita hapa hapa Awasse. Kituo cha kupoza umeme kiliharibiwa katika mashambulizi ya mwaka 2020, na Mocímboa da Praia, Palma, Mueda, Muidumbe na Nangade zikakaa gizani. Majeshi yaliirudisha Awasse mwishoni mwa Julai 2021, mafundi wa EDM wakafuata nyuma yao, na umeme ukarudi hatua kwa hatua. Kila mmoja wetu alijifunza jambo moja wakati ule: nyumba inayotegemea waya mmoja kwa kila kitu, waya ukikatika inakosa kila kitu. Jua lilikuwa likichomoza kila siku katika miezi yote ile. (Gesi nayo ipo, tena nyingi, chini ya bahari hapo Palma. Tangu Novemba 2022 meli zinaipakia kule Coral Sul na kuipeleka nje. Sisi bado tunabeba kuni.)

Sasa tueleze jua linavyofanya kazi. Kila mwenye kufanya kazi shambani amewahi kufungua bomba la kumwagilia lililolala juani tangu asubuhi. Maji ya kwanza yanaunguza mkono. Jambo lote liko hapo. Kitu cheusi hunywa joto la jua, na maji yaliyo ndani yake hulichukua. Kwenye saa sita mchana, uwanja wa mita moja kwa mita moja hupokea nguvu kama ya pasi ya umeme, na kwa siku nzima isiyo na mawingu hupokea kama uniti tano. Tukipata hata sehemu mbili katika tano za joto hilo, tunaweza kupandisha lita 50 au 60 kwa digrii 30. Hiyo ni ndoo mbili na nusu za maji ya kukandia mzazi, bila kijiti kimoja.

Kazi iliyo ngumu ni kulizuia joto lisitoroke. Hapo ndipo wengi hukosea, na sisi wenyewe tulikosea. Tulipaka dumu la lita 20 rangi nyeusi tukaliweka juu ya jiwe uwanjani, tukajivuna. Saa kumi jioni maji yalikuwa vuguvugu, na saa moja usiku yalikuwa baridi kama ya mtungi, kwani upepo wa pwani ulikuwa umechukua kila kitu. Mara ya pili tuliliweka dumu lile ndani ya sanduku la mbao lenye makumbi ya nazi chini na pembeni, juu tukafunika kwa kioo cha dirisha. Kioo hupitisha jua na kuzuia upepo. Jioni ilibidi tuyachanganye na maji baridi kabla ya kuoga. Badala ya makumbi unaweza kuweka sufi au pumba za mpunga, almuradi ziwe kavu. Zikilowa hazizuii kitu. Jua likianza kushuka, funika kioo kwa gunia au mkeka mnene, la sivyo joto litatoka pale pale lilipoingilia.

Njia nyingine ni bomba jeusi la plastiki la umwagiliaji, lile la inchi nusu. Mita 100 zake hubeba lita 20 hivi. Lizungushe kama jamvi ndani ya sanduku lenye kioo, maji yaingie upande mmoja na kutokea upande wa pili. Sharti letu ni kwamba bomba liwe limenunuliwa au limetolewa kwa ruhusa. Hatutaki kesho tuje kumtetea mwenzetu mbele ya mwajiri kwa ajili ya bomba la shamba.

Na hapa tunasema kwa ukali. Dumu lililokuwa na dawa ya kuua wadudu au ya kuua magugu lisitumike kamwe, hata likioshwa mara mia. Plastiki hunywa dawa, na joto la jua huirudisha ndani ya maji. Tunajua madumu hayo ni mazuri, ni mazito, na shambani hutupwa bure. Yatobolewe ili asiyejua asiyaokote, na meneja aulizwe yanakwenda wapi. Maji ya madumu na mabomba haya ni ya kuoga na kufulia tu. Ya kunywa yachemshwe kama kawaida.

Mwenye uwezo zaidi, au kampuni, atatafuta hita ya jua ya dukani. Ina bamba jeusi chini ya kioo, lenye mabomba ya shaba, na juu yake tangi lililovikwa koti la kuzuia joto. Haina pampu. Maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda yenyewe mpaka kwenye tangi, na yale baridi yaliyo mazito hushuka kuchukua nafasi yake, yanazunguka hivyo mchana kutwa. Kwa sababu hiyo tangi lazima liwe juu ya bamba. Fundi akiliweka chini, mwambie ashuke arudie. Siku hizi ziko pia zile za mirija ya kioo, kioo ndani ya kioo, na hewa imenyonywa katikati. Hizo hutunza joto vizuri hata siku ya mawingu, lakini embe moja likianguka juu ya mrija, mrija umekwisha.

Bamba lielekee wapi? Awasse iko kusini ya Ikweta kwa nyuzi 11 hivi, kwa hiyo lielekee kaskazini na kuinama kidogo, nyuzi 15 zinatosha ili maji yazunguke vyema. Kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka katikati ya Februari jua la mchana hupita upande wa kusini, lakini liko juu sana, na bamba lililoinama kidogo halipotezi mengi. Uangalie kivuli cha mnazi asubuhi na jioni, si mchana peke yake. Pia kumbuka kwamba lita 150 za maji ni kilo 150, bado tangi lenyewe. Paa la makuti halibebi mzigo huo, na hata paa la bati lenye mbao nyembamba halibebi. Afadhali kujenga kichanja imara cha magogo kando ya bafu. Kwa walio karibu na bahari, chumvi hula chuma upesi. Misumari na vibanio viwe vya aina isiyoshika kutu.

Ndugu mwenye hita ya umeme asidhani kwamba habari hii haimhusu. Tangi la lita 100 linakula uniti nne hivi kwa kupasha maji mara moja, na likiachwa linawaka mchana kutwa huongeza nyingine kwa kupoteza joto tu, hata kama hakuna aliyeoga. Shika tangi kwa mkono. Kama lina joto nje, ni fedha zako hizo. Livike blanketi kuukuu, lakini waya na sehemu ya swichi ziachwe wazi. Mahali penye tangi kubwa la watu wengi usipunguze joto chini ya digrii 60 kwa nia ya kubana matumizi, maana maji ya uvuguvugu yakilala siku nyingi huzaa vijidudu vinavyoleta ugonjwa wa mapafu. Kwa mabweni na majiko makubwa uko pia mtambo unaofanya kazi kama friji iliyogeuzwa: hunyonya joto la hewa ya nje na kulitia ndani ya maji, na kwa uniti moja ya umeme huleta joto la uniti kama tatu. Ni mtambo wa gharama na wenye kutaka fundi wa friji, tena umeme ukikatika nao unasimama. Kwetu sisi jua ni bora.

Si kwamba sisi ndio wa kwanza. Mwaka 1909 fundi mmoja wa California, William Bailey, alitenganisha bamba na tangi na kulivika tangi koti, ili maji yaliyopashwa mchana yatumike usiku. Barbados, kisiwa cha mashamba ya miwa, kilianza kupunguza kodi ya hita za jua mwaka 1974 mafuta yalipopanda bei, na leo zimejaa juu ya mapaa ya watu wa kawaida. Jirani zetu wa Afrika Kusini, baada ya umeme kukatika ovyo mwaka 2008, walifunga hita nyingi sana kwenye nyumba za watu wa kipato cha chini. Hilo lilikuwa jambo jema, lakini nyingi zilivuja na kukaa bila fundi, kwa kuwa hazikuwekewa mpango wa matengenezo. Kenya ilitoa kanuni mwaka 2012 kwamba jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku lipate asilimia 60 ya joto hilo kutoka kwenye jua. Wenye majengo walipewa miaka mitano, na wengi waliingoja imalizike bila kufanya lolote. Sheria isiyo na mtu wa kuikagua tunaijua sote.

Kwa hiyo, wakati wa kujadili mkataba wa hali bora, kamati za matawi zisiandike tu kwamba mwajiri atoe maji ya moto. Akiandikiwa hivyo ataleta pipa na rundo la kuni, na atakayechochea moto atakuwa mmoja wetu, bila posho. Andikeni kwamba katika nyumba za kampuni na bafu za kiwandani patafungwa hita ya jua, na mtaje lita ngapi kwa kila mtu. Andikeni kwamba vijana wawili wa hapa watafundishwa kuifunga na kuitengeneza, na kwamba kioo na mabomba ya akiba yatakuwa stoo. Jiko la kiwanda nalo lisisahauliwe: sufuria ya uji ikianza na maji safi ya digrii 55 badala ya 25, kazi ya kuyachemsha imepungua kwa sehemu mbili katika tano, na kuni vivyo hivyo.

Mwajiri atasema ni ghali. Mwombeni daftari la kuni, mkaa na umeme la mwaka uliopita, mkae naye mezani mpige hesabu pamoja. Kisha, hita ikishafungwa, kamati iende na kipima joto saa kumi jioni na tena saa kumi na moja alfajiri, ipime maji ya bombani na kuandika katika kitabu cha tawi, kila wiki, hasa miezi ya mvua. Tawi litakalotaka kutengeneza lile sanduku la kioo limwombe katibu vipimo. Sanduku letu bado liko nyuma ya ofisi, na kila mtu anaruhusiwa kuja kulitazama.