Dawa za Kutuliza na Vipokezi vya Uzuiaji katika Ubongo wa Kiinitete cha Kuku

Benzodiazepini, kundi la dawa lenye diazepamu iliyoanza kuuzwa mwaka 1963, hutumika kupunguza wasiwasi, kuleta usingizi na kukomesha degedege. Katika ubongo uliokomaa, dawa hizi huimarisha mfumo unaozuia seli za neva zisisisimke kupita kiasi. Makala haya yanaonesha kuwa maelezo hayo hayatoshi pale dawa inapoufikia ubongo ambao bado unajengwa, na yanatumia kiinitete cha kuku kueleza sababu.

Kemikali kuu ya uzuiaji katika ubongo ni asidi ya gama-aminobutiriki, yaani GABA. Kipokezi chake cha aina ya A huundwa na vipande 5 vya protini vilivyopangwa kuzunguka tundu moja. GABA inaponasa kwenye kipokezi, tundu hufunguka na kloraidi hupita. Benzodiazepini hazifungui tundu hilo zenyewe. Hujishikiza mahali pengine kwenye kipokezi hichohicho na kulifanya lifunguke mara nyingi zaidi GABA inapokuwapo. Barbiturati, kwa upande wake, hulifanya likae wazi kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo, athari ya dawa hutegemea mambo mawili: mwelekeo wa kloraidi, pamoja na idadi na hali ya vipokezi. Katika ubongo unaokua, yote mawili hubadilika.

Kuhusu mwelekeo, seli changa ya neva huwa na kloraidi nyingi ndani yake, kwa kuwa protini inayoiingiza hufanya kazi kuliko ile inayoitoa. Tundu likifunguka, kloraidi hutoka, na seli husisimka badala ya kutulia. Katika uti wa mgongo wa kiinitete cha kuku, msisimko huo huchangia miendo ya mwanzo ya viungo ndani ya yai. Vipokezi hivyo vilipozuiwa kwa takriban siku 2, seli zilijirekebisha kwa kuongeza nguvu ya miunganiko yake. GABA, basi, ni ishara ya ujenzi kabla ya kuwa ishara ya utulivu.

Kuhusu vipokezi, ushahidi unatokana na seli za ubongo wa kiinitete cha kuku zilizokuzwa maabarani. Seli hizo zikikaa kwa muda mrefu katika GABA, vipokezi hupungua. Zikikaa katika benzodiazepini, uhusiano kati ya sehemu inayonasa GABA na sehemu inayonasa dawa hulegea: kila sehemu bado hunasa kilicho chake, lakini moja haiiongezei nyingine nguvu kama awali. Dawa inayodumu hukibadilisha kipokezi kinachoipokea.

Yai la kuku huanguliwa baada ya siku 21, na mtafiti anaweza kuchagua siku na kipimo cha dawa bila mwili wa mama kuingilia kati. Faida hiyo ndiyo pia mpaka wake. Kwa binadamu, dawa hupitia ini la mama na kondo la nyuma. Hivyo, vipimo vya yai haviwezi kuhamishiwa kwa mjamzito. Kinachoweza kuhamishwa ni swali lenyewe: dawa ilifika katika hatua ipi ya ukuaji, na ilidumu kwa muda gani?

Kwa washauri wa sera, mambo mawili yanafuata. Kwanza, uchunguzi wa usalama wa dawa usiishie kwenye kasoro za maumbile zinazoonekana kwa macho, kwani kipokezi kinaweza kubadilika pasipo kiungo chochote kulemaa. Pili, kumbukumbu za matibabu ya wajawazito zioneshe umri wa mimba na muda wa matumizi, si jina la dawa pekee. Hoja hii haimaanishi kumnyima dawa mjamzito mwenye kifafa, wala kumwachisha ghafla, kwa kuwa degedege lenyewe huhatarisha mama na mtoto. Inamaanisha kuwa neno "kutuliza" halielezi yote ambayo dawa hufanya katika ubongo unaojengwa, na uamuzi wa tiba unapaswa kuuzingatia ukweli huo.