Boyi, Bill na Kiswahili cha Katuba

Mtume kijana wa Katuba, komini ya Lubumbashi, akakuletee sigara bila kumwomba kwanza, na huenda ukapata jibu fupi: "Miye siko boyi yako!" Maana yake haihitaji mkalimani, kuanzia Lubumbashi hadi Dar es Salaam: mimi si mtumishi wako. Lakini kaka wa kijana huyo huyo pengine anapanda malori ya mpakani Kasumbalesa, anapakia mizigo, anaweka mawe nyuma ya magurudumu gari likisimama mlimani, na kazi yake inaitwa boy-chauffeur bila mtu kuona haya. Na kale kajumba ka nyuma ya uwanja, hata kama aliyepanga humo ni mwanafunzi wa chuo kikuu, bado unaweza kusikia kakiitwa boyerie. Neno moja la Kiingereza, "boy", lenye maana ya mtoto wa kiume, limezaa ukoo mzima mjini humu.

Kiingereza kilifikaje hapa, katika koloni la Wabelgiji? Kilikuja na reli. Mwaka 1910, mji wa Elisabethville (Lubumbashi ya leo) ulipoanza, njia ya treni ilikuwa imetokea kusini, Rhodesia, na kwa miaka mingi makaa ya mawe, unga, wasimamizi na vibarua vilipita njia hiyo hiyo kwenda kwenye shaba ya kampuni ya Union Minière. Huko kusini mzungu alimwita mwanamume yeyote Mwafrika "boy", awe na miaka 15 au awe na wajukuu. Wabelgiji wakalipokea tusi hilo na kulipa nguo za Kifaransa: boy wa nyumbani, boy wa bustani, boyesse kwa mwanamke, boyerie kwa chumba cha kulala. Wenzetu wa Kenya na Tanzania walipitia mlango huo huo, ndiyo maana wana hausiboi, shambaboi na tandiboi.

Serikali ya kikoloni iliogopa sana Kiingereza na ile lugha ya migodini ya kusini. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti mrefu huku Katanga, ameeleza jinsi hofu hiyo ilivyochangia Kiswahili kupewa nafasi migodini na mashuleni baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kiingereza kikarudi nyuma, lakini maneno yake yalibaki. "Tower" liliingia katika jina la Kitawala, dini iliyoitia serikali kiwewe. "Boy" likawa boyi, wingi wake ba boyi, kwa sababu Kiswahili cha Lubumbashi husema bantu na batoto, hakisemi watu na watoto.

Ba boyi hao walikaa upande wa pili. Mji wa wazungu na makao ya Waafrika vilitenganishwa na ukanda mtupu usiojengwa, na kila alfajiri wapishi, madobi na watunza bustani waliuvuka kwa miguu au kwa baiskeli kwenda kuwasha majiko ya watu. Kwanza walitoka Kamalondo, kisha komini iitwayo Kenya (jina tu, si nchi), na kuanzia miaka ya 1950 Katuba, ambako familia zilijijengea nyumba kwa mikopo chini ya mpango uliobeba jina la mtawala mmoja, Ferdinand Grévisse. Muluba, Mubemba, Musanga na Murund wakawa majirani wa ukuta mmoja. Kiswahili chao kilipikwa hapo, na anayekiita kibovu hajakaa akakisikiliza.

Mwaka 1965 likatokea jambo ambalo kila mtoto wa Katuba anastahili kufundishwa shuleni. Chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani katika komini za Elisabethville kilitoa kijitabu kiitwacho Vocabulaire de ville de Elisabethville, kilichoandikwa na André Yav. Jina linadanganya, maana si kamusi. Ni historia ya mji na ya nchi, kuanzia enzi za mfalme Leopold II hadi misukosuko ya uhuru, ikisimuliwa na mtu aliyesimama jikoni na kusikia kila kitu. Boyi ndiye msimulizi, na boyi ndiye shahidi. Mabwana walidhani aliyeshika sinia hana masikio.

Fabian alipokichapisha upya mwaka 1990 alikwama mahali pa ajabu. Yav hakuwa amefundishwa kuandika Kiswahili kwa kanuni yoyote. Neno moja limekatwa vipande viwili, maneno matatu yameshikamana, nukta zinaanguka popote. Kwa macho, ukurasa haukusomeka. Ilibidi mtu wa Lubumbashi, Kalundi Mango, ausome kwa sauti mbele ya kinasa sauti. Alipousoma, kila kitu kikanyooka. Kwangu mimi huo ni ushahidi tosha: Kiswahili hiki kina utaratibu wake kamili, na utaratibu huo uko mdomoni mwa wenyewe.

Wakati wazee wakibeba jina la boyi, vijana wa miji ya Kongo walijitafutia jingine sinemani. Walitazama filamu za kauboi wakamchukua Buffalo Bill. Huko Léopoldville, mji mkuu, wakajiita ba Bill, na lugha yao ya mitaani ikaitwa Indubili. Wako wataalamu wanaosikia pia neno "Hindu" ndani yake, kwa sababu ya filamu za Kihindi. Ilipofika Lubumbashi ikavaa Kiswahili na kuitwa Kindubile: mwili wa sentensi ni wa Kiswahili cha hapa, maneno yanachotwa Kifaransa, Kilingala na Kiingereza, silabi hupinduliwa, na maana hubadilishwa ili mzazi na polisi wasielewe. Hili la Bill walijichagulia wenyewe, hawakupewa na bwana yeyote, na tofauti hiyo naiona kubwa kuliko wanavyoiona walimu wanaowachapa watoto kwa kuongea Kindubile darasani. Na Kiswahili chenyewe cha mji huu wataalamu hawakidharau: mwaka 2014 Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa walitoa kitabu kizima cha sarufi, matini na msamiati wa Kiswahili cha Lubumbashi.

Neno boyi lisitumike tena kumwita mtu anayetufulia na kutupikia. Ana jina lake, aitwe hilo. Ila lisifutwe katika historia ya mji, kwa kuwa walioubeba mji mgongoni waliitwa hivyo. Aliyeanza kazi hiyo na miaka 20 mnamo mwaka 1955 amefika au amepita umri wa miaka 90. Kama babu wa namna hiyo yuko Katuba kwenu, kaa naye wiki hii, washa simu umrekodi, na umwache aseme kwa Kiswahili chake.