Konokono wa Hawaii na Mbio za Kuwapa Majina

Mwaka 2020 watafiti wa Jumba la Makumbusho la Bishop, mjini Honolulu, pamoja na wenzao, walimtangaza rasmi konokono mdogo wa milima ya Waianae, kisiwani Oahu. Wakamwita Auriculella gagneorum. Miaka 60 ilikuwa imepita bila spishi mpya ya konokono wa nchi kavu aliye hai kuelezwa kutoka Hawaii.

Ukimya huo haukutokana na uchache wa konokono. Visiwa hivyo vina zaidi ya spishi 750 zilizokwisha kupewa majina, na karibu zote hazipatikani kwingineko duniani. Konokono haendi mbali. Wachache waliofika huko enzi za kale, pengine wakiwa wamenata kwenye manyoya ya ndege, walizaliana bonde kwa bonde, na kila ukoo ukashika njia yake.

Kumtambua aliye mpya ni kazi ya subira, kwa sababu gamba hudanganya. Katika karne ya 19 John Thomas Gulick, mtoto wa wamisionari, pamoja na wakusanyaji wengine, walijaza makabati kwa magamba ya Oahu, na majina mengi yakatolewa kwa kutazama rangi na michirizi tu. Wataalamu waliofuata wakagundua kwamba spishi moja inaweza kuvaa rangi nyingi, na kwamba magamba yanayofanana yanaweza kuficha wanyama tofauti kabisa. Kwa hiyo leo mtafiti humpasua konokono chini ya hadubini. Huchunguza viungo vya uzazi, vya kiume na vya kike, kwa kuwa mnyama mmoja anavyo vyote, huangalia meno madogo yaliyopangwa juu ya ulimi, husoma vinasaba, kisha hulinganisha yote hayo na vielelezo vya zamani vilivyohifadhiwa makumbusho.

Akisharidhika, huandika. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinadai jina la Kilatini la maneno mawili, maelezo yaliyochapishwa ya kinachoitofautisha spishi hiyo, na kielelezo cha msingi ambacho watafiti wengine watakirejea wakiwa na shaka. Konokono huyo wa Waianae amepewa jina kwa heshima ya Betsy na Wayne Gagné, mume na mke waliojitolea kuhifadhi viumbe wa Hawaii. Heshima hiyo inastahili kabisa.

Haraka ya kuwapa majina inatoka wapi? Tarehe 1 Januari 2019 alikufa George, konokono wa mwisho anayejulikana wa Achatinella apexfulva, akiwa amefugwa maabara. Spishi yake ndiyo ya kwanza ya konokono wa nchi kavu wa Hawaii kuelezwa kisayansi, mwaka 1789, kutokana na gamba lililokuwa kwenye shada alilopewa nahodha Mwingereza George Dixon.

Katika msiba huu pwani yetu imo. Konokono mkubwa wa Afrika Mashariki, yule anayetafuna mboga bustanini, alifikishwa Hawaii mwaka 1936 akawa tishio kwa mazao. Ili kumdhibiti, mwaka 1955 aliletwa Euglandina rosea, konokono wa Florida anayekula konokono wenzake. Mgeni huyo akawageukia wenyeji wadogo. Panya nao walikuwa wakiwala, na misitu ilikuwa imepungua sana.

Hapo ndipo jina linapopata uzito wa kisheria. Mwaka 1981 Marekani iliingiza jenasi nzima ya Achatinella katika orodha ya viumbe walio hatarini. Konokono ambaye hajaelezwa ni vigumu kuandikwa humo. Sasa baadhi ya waliosalia huishi msituni ndani ya kuta maalumu zenye nyaya za umeme zinazomzuia Euglandina asipande. Nafasi ndani ya kuta hizo ni finyu, na wahifadhi huamua nani aingizwe kwanza kwa kufuata kazi ya wale wanaopasua, kulinganisha na kuandika.