Maisha ndani ya makazi ya dharura (3): Taa ya rangi gani iwashwe usiku?

Wiki mbili zilizopita tulijadili hewa na kelele. Leo ni zamu ya taa, maana wapo wanaoamini kwamba rangi yenyewe humtuliza mtu aliyepatwa na maafa.

Imani hiyo ilivuma mwaka 1979, pale gereza la jeshi la majini la Marekani mjini Seattle lilipopaka chumba cha mahabusu rangi ya waridi kwa ushauri wa mtafiti Alexander Schauss. Taarifa za mwanzo ziliisifu mno. Baadaye watafiti wa Uswisi waliwalinganisha wafungwa wa vyumba vya waridi na wenzao wa vyumba vya kawaida, wasione tofauti ya ukali. Anayeuza taa za rangi kama dawa ya hofu adaiwe ushahidi kwanza.

Kilichothibitishwa ni kingine. Mwaka 2002 mtafiti David Berson na wenzake walieleza chembe hai za ndani ya jicho ambazo huhisi mwanga zenyewe, hasa wa buluu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 480 hivi. Zikiupata huuarifu ubongo kuwa ni mchana, na melatonini, homoni ya usiku, hupungua. Taa nyingi za LED nyeupe hutoa mwanga wa buluu kwa wingi.

Fikiria basi kumbi za michezo za shule huko Tohoku, Japani, baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 11, 2011, iliyowahamisha watu wapatao 470,000. Familia zimelala sakafuni bega kwa bega, juu yao taa za kuangazia mechi. Zikizimwa, bibi anayekwenda msalani anakanyaga watoto wa watu. Zikiwashwa, halali mtu. Asiyelala usiku kucha hugombana asubuhi kwa sababu ya blanketi.

Mimi ningeshauri hivi: usiku ziwashwe taa hafifu za manjano iliyokolea, zenye buluu kidogo, zifungwe usawa wa goti kandokando ya njia, zisimpige aliyelala usoni. Njia ya chooni iangazwe vyema, kwani wanawake na watoto hawana usalama gizani. Meza ya mganga ibaki na taa nyeupe. Maana chini ya taa ya manjano, macho ya mgonjwa yaliyoingia manjano hayatambuliki. Shule zetu zinazopokea waathirika wa mafuriko zinaweza kuanza kwa taa chache za sola zenye mwanga wa namna hiyo.

Wiki ijayo: jinsi msanifu majengo Shigeru Ban alivyozigawa kumbi hizo za Japani kwa mapazia na mabomba ya karatasi.